Tahadhari: muuza makete za Su-25 anayekula avansi za watu hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mnaojenga makete, na nyinyi wazazi ambao watoto wenu wanawaomba dola za kununua ndege ya kuunga: msitume pesa kwa muuzaji anayetangaza makete ya ndege ya kivita Su-25 ya kipimo cha 1/48 (yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), "kamili na vifaa vyake vyote", katika vikundi vya WhatsApp na Facebook vya hapa mjini. Jina lake silitaji. Amekwisha kubadilisha majina na namba, na jina analotumia leo huenda ni la mtu asiyejua lolote. Nitaeleza anavyofanya kazi, nanyi mtamtambua kwa mwendo wake.

Nimeamua kuandika kwa sababu waliotapeliwa ni vijana. Mmoja anakaa Katuba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na pesa aliyotuma aliipata kwa kuosha magari wakati wa likizo. Mwingine ni fundi wa rangi za magari huko Kampemba, kijana mwenye mkono mzuri sana wa erografu (bomba la kupulizia rangi), ambaye alitaka kwa mara ya kwanza kupaka kitu chake mwenyewe badala ya milango ya wateja. Hao na wengine wameniletea masanduku yao tukayafungua pamoja mezani, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyaona kwa macho na kuyapima kwa rula.

Mtu huyu hakuchagua Su-25 kwa kubahatisha. Ni ndege ya Kirusi ambayo Wakongo wanaijua, kwa kuwa jeshi letu la anga linazo zilizonunuliwa Georgia. Januari 24, 2023, video ya ile iliyopigwa kombora juu ya Goma, ikawaka moto na bado ikatua, ilizunguka katika kila simu. Tangu hapo kila kijana anayeanza makete ataka Su-25, na ataka yenye alama za Kongo. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana tangazo lake linaahidi "dekali za jeshi letu ndani", yaani alama za kubandika juu ya ndege.

Anaanza na picha nzuri ya sanduku lililofungwa. Picha ambayo wengi wametumiwa ni ya sanduku la Zvezda, kampuni ya makete ya Urusi, na Zvezda kweli ina Su-25 ya 1/72, iliyo ndogo kuliko 1/48. Tazameni picha vizuri: kona yenye kipimo imefunikwa na dole gumba, au imekatwa. Bei anataja dola 60, nusu itangulie kwa pesa ya simu, nusu siku ya kukabidhiana pale Posta. Ukisita, anakuambia kuna mtu mwingine anaitaka na atatuma pesa kabla ya saa sita. Ukiuliza imetoka wapi, anasema imetoka kiwanda kile kile cha Tbilisi, Georgia, kilichounda ndege yenyewe. Kijana asiyejua anavutwa na neno hilo. Ni kweli Tbilisi ndiko zilikoundwa Su-25 za kiti kimoja, na Ulan-Ude ya Urusi zile za viti viwili, lakini kiwanda cha ndege si kiwanda cha makete. Makete za plastiki zinatoka kwa kampuni za makete: Zvezda iko Lobnya karibu na Moscow, Trumpeter iko China, na vibati vingi vya kupambia chumba cha rubani vinatoka kwa Eduard ya Ucheki.

Ukishatuma nusu ya kwanza, koli, yaani mzigo, "inakwama" Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Hapo ndipo anapovuna zaidi. Kwanza forodha inataka dola 15, halafu ghala linataka 10, halafu dereva wa lori anataka kidogo tu cha maji. Anatuma picha ya karatasi yenye mhuri, na mhuri huo hausomeki hata ukikuza picha. Kijana wa Katuba alifika mahali ambapo alikuwa amelipa zaidi ya bei yenyewe kabla ya kuona sanduku. Wengine wananyamaziwa kabisa. Wachache wanaletewa kitu, jioni giza likiingia, mkononi mwa mtu wa pikipiki ambaye anasema ametumwa tu na haruhusiwi kukuachia ufungue kabla hujamaliza deni.

Sasa vilivyomo ndani. Hapa naomba mnivumilie, maana ukijua vitu hivi hata muuzaji mwingine mwenye tabia hiyo hatakupata.

Kipimo ndicho uongo mkubwa. Su-25 halisi ina urefu wa mita 15.53 na mabawa ya mita 14.36 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 48: makete iliyokamilika lazima iwe na urefu wa sentimita 32 na kidogo, na mabawa karibu 30. Gawanya kwa 72: urefu ni sentimita 21.6, mabawa 20. Kiwiliwili peke yake kinapungua kidogo, kwa sababu urefu ule unahesabu na mshale mrefu wa puani. Masanduku niliyoyaona yalikuwa na kiwiliwili kisichofika hata sentimita 21. Hiyo ni 1/72 iliyouzwa kwa bei ya 1/48, na karatasi ya nje ni fotokopi ya rangi iliyogundishwa juu ya kadibodi. Nenda na rula. Muuzaji mwaminifu hatakasirikia rula.

Sanduku moja halikuwa na Su-25 hata kidogo. Ndani mlikuwa na mabawa ya pembetatu na injini moja ya katikati, yaani MiG-21, ambayo mtu alikwisha kuanza kuiunga akaiacha. Su-25 ina mabawa yaliyonyooka, injini mbili zilizobanwa ubavuni, na kwenye ncha ya kila bawa kuna kifuko kinachofunguka juu na chini kuwa breki ya hewa. Chini ya mabawa kuna sehemu kumi za kutundikia silaha, tano kila upande. Zihesabu kwenye grapu, yaani zile fremu za plastiki zinazoshika vipande. Ukikosa hivyo vifuko vya ncha au hizo sehemu kumi, unachouziwa ni kitu kingine au ni grapu pungufu.

Kioo cha rubani kilikosekana katika masanduku mawili, na hilo linauma kuliko yote, kwa sababu kipande kingine chochote fundi anaweza kukichonga kwa plastiki chakavu na mastiki. Kioo hapana. Ukiwa na subira unaweza kuchonga umbo la kioo hicho kwa mti, ukaipasha chupa ya maji kwa moto na kuivuta juu yake, na nimewaonyesha vijana namna hiyo, lakini mtu aliyelipa dola 60 hakulipa ili akavute chupa. Grapu ya kioo iwe katika mfuko wake peke yake, iangalie dhidi ya mwanga, na uone kama ina mikwaruzo.

Kuhusu kiti cha resini anachokiita "K-36 orijino": Su-25 inatumia kweli kiti cha familia ya K-36, na kuna kampuni zinazotoa kiti hicho kwa resini, mikanda yake ikiwa imechongwa vizuri. Anachouza yeye ni nakala ya nakala. Mtu ananunua kiti kimoja kizuri, anakitengenezea mpira wa kumiminia, anamwaga resini ya bei rahisi. Ndiyo sababu vina matundu ya hewa kama mkate, kingo zimelala, na vimesinyaa kidogo hivi kwamba havikai vizuri katika nafasi yake. Kimoja kilikuwa bado kinanata kwa kidole, ishara kwamba resini haikukomaa. Wazazi, sikilizeni hapa: vumbi la resini ni baya kwa mapafu, hata lile la resini nzuri. Mtoto asisugue kikavu ndani ya chumba cha kulala. Asugue kwa maji, na barakoa usoni. Kile kinachonata kitupeni, kisisuguliwe kabisa.

Vibati vya shaba vya kupambia dashibodi vilikuwa vipande vya kopo la soda vilivyokatwa kwa mkasi, na kimoja kilikuwa karatasi iliyopigwa rangi ya dhahabu. Kibati cha kweli ni chembamba sana, kimechongwa kwa asidi, saa za dashibodi zina mduara unaohisika kwa ukucha, na vipande vyote vimeshikiliwa na fremu moja. Ukipewa vipande vilivyolegea katika mfuko, uliza fremu yake iko wapi.

Dekali nazo ni stika za printa. Dekali ya makete inalowekwa katika maji ya vuguvugu, inateleza kutoka kwenye karatasi, inalala juu ya rangi. Ya huyu bwana ina gundi nyuma, nene, ina ukingo mweupe, na ukiigusa kwa kidole chenye maji wino unatoka. Na zile "alama za jeshi letu" zilinikasirisha kuliko vingine vyote. Bendera aliyochapa ina kijani, njano na nyekundu. Hiyo ni ya Brazzaville! Yetu tangu 2006 ni ya buluu ya mbingu, mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo za njano, na nyota juu upande wa mlingoti. Mtu anawauzia watoto wa Kongo heshima ya nchi yao na hata bendera hakuitazama.

Gundi anayoitoa kama zawadi msiifungue karibu na makete yenu nyingine. Ni chupa ya gundi ya plastiki iliyojazwa upya, na inanuka dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni inalainisha plastiki ya makete hadi inakuwa ute. Fundi wa Kampemba aliijaribu kwenye bawa, likajikunja.

Naomba pia tusiwaumize wauzaji wema. Lubumbashi ina watu wanaoleta makete kutoka Lusaka, Johannesburg au Dubai ndani ya mabegi yao, na wanakuachia ufungue, ugeuze kila grapu, ulipe baadaye. Makete ya zamani inaweza kuwa na dekali zilizogeuka njano, na hizo ukizibandika dirishani juani siku kadhaa mara nyingi zinarudi nyeupe. Inaweza kuwa na plastiki ya ziada kwenye kingo kwa sababu kalibu ya kiwandani imechakaa. Hata kiwanda kinaweza kusahau kipande. Hayo si wizi, mradi muuzaji ameyasema kabla. Wala karatasi ya nailoni juu ya sanduku haithibitishi kitu: huyu wetu anafungia nailoni ya jikoni na kuibana kwa skochi upande wa chini, geuzeni mtaona.

Kabla ya kulipa mtu yeyote usiyemjua, mwombe apige picha grapu zote zikiwa nje ya mifuko, na katikati yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, iliyoandikwa kwa mkono. Mwenye bidhaa anafanya hivyo mara moja. Huyu tuliyemjaribu alituma kwanza matusi, kisha hadithi ya simu iliyoharibika kamera. Mkutane mchana, mahali penye watu, mfungue, mpime, ndipo pesa itoke. Avansi hakuna. Kama koli kweli iko Kasumbalesa, yeye ndiye anayefanya biashara, na gharama za forodha ni zake hadi sanduku lifike mkononi mwako.

Kwa mliokwisha kulipa: msifute mazungumzo hata kama yanawaudhi. Hifadhini ujumbe wa kila malipo wenye namba ya muamala, picha za tangazo, sauti alizotuma, na sanduku lenyewe kama lilivyo, pamoja na stika na gundi. Piga simu kwa huduma ya mtandao wako wa pesa siku hiyo hiyo, maana namba iliyopokea imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu fulani. Halafu nendeni kwa OPJ (afisa wa polisi ya mahakama) mkiwa pamoja, wala si mmoja mmoja, ili ionekane kwamba ni kazi yake ya kila siku. Utapeli unaadhibiwa na kifungu cha 98 cha Kodi Penali, Kitabu cha Pili, kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano na faini. Wazazi waongozane na walio chini ya miaka 18. Kijana wa Katuba na mama yake wako tayari kwenda, na nitaenda nao nikiwa na vipimo nilivyoandika kwa kila sanduku. Mwenye kesi kama yao aniandikie faraghani tupange siku.

Tangu wiki hii ametoka na tangazo jipya, namba mpya, picha ya mwanamke. Sasa ni MiG-29 ya 1/48, meza ni ile ile yenye kitambaa cha miraba ya kijani, na dole gumba liko tena kwenye kona. MiG-29 halisi ina urefu wa mita 17.32 na mabawa ya mita 11.36, kwa hiyo katika 1/48 tafuteni sentimita 36 kwa karibu 24. Ikiwa ni 24 kwa 16, ni 1/72.