Geuza Kwanza: Picha ya Kale, Nishani za Vita na Sarafu ya Kumbukumbu Kutoka Mnadani

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mezani leo nina vitu vitatu, vyote nimevipata mnadani: jozi ya nishani za Vita Kuu ya Kwanza, picha ndogo ya mwanamke iliyochorwa juu ya pembe ya ndovu, na sarafu kubwa ya kumbukumbu ya mwaka 1965. Kuna na kitu cha nne kwenye hiki kibahasha, hicho nitakitoa baadaye kidogo kwa sababu kiliniuma sana.

Nitavichambua kimoja kimoja, na kila kimoja nitaanzia mgongoni au ukingoni. Usoni tutafika mwisho. Katalogi za minada hupiga picha uso wa kitu, na uso ndiko anakohangaikia mtu anayetaka kukuuzia feki. Mgongoni huwa amechoka.

Tuanze na nishani. Hii yenye rangi ya fedha inaitwa British War Medal. Ni fedha kweli, kipenyo chake milimita 36. Upande huu kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano, na huku nyuma kuna mpanda farasi aliye uchi, farasi wake anakanyaga ngao yenye tai. Utepe ni rangi ya chungwa katikati, halafu nyeupe, nyeusi, na buluu pembezoni. Mwenzake huyu wa bronzi ni Victory Medal, ana umbo la mwanamke mwenye mbawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Askari wengi wa Uingereza na himaya yake walipewa hizi mbili pamoja, ndiyo maana mnadani mara nyingi utazikuta kama jozi.

Sasa sikilizeni vizuri. Hizi za fedha zilitolewa zaidi ya milioni 6. Kwa hiyo nishani yenyewe si adimu hata kidogo. Kinachofanya moja ipiganiwe mnadani na nyingine ipite kimya ni mtu aliyeandikwa ukingoni. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Namba ya askari, cheo, herufi za kwanza za majina yake, jina la ukoo, kisha kikosi. Jina la ukoo nalifunika kwa kidole, hilo ni la familia yake.

Tazameni herufi zenyewe chini ya lenzi. Hazikuchongwa kwa mkono, ziligongwa kwa mashine. Herufi iliyogongwa imezama kwa kina kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kingo zake ni safi. Herufi iliyochongwa kwa mkono huanza nyembamba, hunenepa, kisha humalizikia na mkia mwembamba mahali kisu kilipoinuka. Ukiona jina la kuchongwa kwenye British War Medal, simamisha dau lako kwanza uulize maswali.

Na sasa hiki cha kwenye bahasha. Hii nayo ni British War Medal. Nilivutiwa na kikosi kilichoandikwa, kikosi ambacho wakusanyaji hukitafuta sana. Kwenye katalogi kulikuwa na picha ya mbele na ya nyuma, basi. Ukingo haukuonyeshwa, nami sikuomba. Ilipofika nikaipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Angalieni: jozi yangu nzuri, popote ninapopima, inasoma 36. Hii hapa, juu kwenda chini, 36 kasoro kidogo. Nikiizungusha nipime pale penye jina, 35 na nusu. Mtu amepiga tupa ukingo hadi jina la mwanzo likaisha, akagonga jina jingine juu yake. Nusu milimita ya fedha imeondoka na jina la askari aliyeipata. Sijui vipi nyinyi, mimi kinachonigusa ni hicho, zaidi ya pesa. Yule wa kwanza alikuwa mtu, alikwenda vitani, na kumbukumbu yake pekee ya chuma imesuguliwa ili mwingine apate faida. Nilipowaandikia wauzaji walinijibu kwa kunirudisha kwenye kipengele cha masharti kinachosema mali inauzwa kama ilivyo. Na kweli kipengele kilikuwepo.

Kwa hiyo kalipa. Ni kifaa kidogo, na kwa mkusanyaji wa nishani kinatangulia kuliko hata kabati la kuziwekea. Kama mnada uko mbali, waandikie uwaombe wapime wao sehemu mbili, na wakutumie picha ya ukingo mzima. Wanaojua kazi yao hujibu siku hiyohiyo.

Kuna toleo jingine la nishani hii ambalo ni la bronzi badala ya fedha. Lilitolewa kwa wafanyakazi wa vikosi vya kazi, Wachina na Wamalta miongoni mwao, watu waliobeba, waliochimba na waliojenga njia nyuma ya mstari wa vita. Idadi yake ni kama 110,000 tu. Waliopewa madini duni ndio leo nishani zao ni ngumu kupatikana, na binafsi nafurahi kwamba wakusanyaji wanazitafuta.

Ukishapata jina, lihakiki. Kumbukumbu nyingi za utumishi za askari wa Uingereza wa vita ile ziliungua mwezi Septemba 1940 baada ya shambulio la mabomu London, lakini kadi za faharasa za nishani zilisalimika, na nakala zake zinapatikana kwenye Nyaraka za Taifa kule Kew, London. Kadi inaonyesha askari alistahili nishani zipi. Ya askari wangu inasema tatu. Mimi ninazo mbili. Ya tatu tutairudia.

Ukihamia Vita Kuu ya Pili, mambo yanabadilika. Nyota, yaani nishani zenye umbo la nyota, na nishani za kampeni walizopewa askari wa Uingereza hazikuandikwa majina. Za Afrika Kusini, Australia na India ziliandikwa. Maana yake, seti ya nyota tano zisizo na jina, zimepangwa vizuri kwenye fremu pamoja na picha ya askari anayetabasamu, inaweza kuwa imeunganishwa na mtu jioni moja. Hapo unachonunua ni karatasi: barua, kitabu cha malipo, bahasha iliyokuja nazo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye nishani zisizo na jina daftari ndilo karibu thamani yote.

Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, nitaupitia haraka. Ulianzishwa 1813, kisha ukatolewa tena 1870, 1914 na 1939. Wa kawaida umeundwa kwa kiini cha chuma kilichobanwa ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku inapaswa kuukamata. Usipokamata, una maswali. Ukikamata, bado kagua maungio ya fremu, kwa sababu watengeneza feki nao wana chuma. Halafu mjue sheria za nchi husika: Marekani kwa mfano imekataza kabisa kuuza Medal of Honor, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani.

Haya, picha. Hii nimeigeuza tayari, mnaona mgongo tu. Ukubwa wake ni kama kiganja cha mtoto, duara lililorefuka kidogo, fremu ya shaba iliyopakwa dhahabu. Nyuma kuna kioo kidogo, na chini ya kioo kuna nywele zilizosukwa. Nywele za mtu halisi. Kabla ya kamera kuenea, mtu aliyesafiri au aliyefiwa alibeba sura ya mpenzi wake namna hii, rangi ya maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Uchoraji juu ya pembe ulianza karibu na mwaka 1700, na Rosalba Carriera wa Venice ndiye anayetajwa kuutangulia. Mwaka 1839 ikatangazwa dagerotaipu, picha ya kamera ya mwanzoni, na ndani ya miongo michache kazi ya wachoraji hawa ikawa imemezwa na picha za kamera.

Sasa uso. Chini ya lenzi, shavu hili limejengwa kwa vinukta na vistari vidogo vya brashi, havifanani, vingine vimepishana. Ukiona vinukta vya ukubwa mmoja vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni picha ya kuchapishwa iliyopakwa rangi juu. Rangi ya waridi ya shavuni imefifia, na hilo halinishangazi, mwanga huila rangi hiyo mapema. Upande wa kulia kuna ufa mwembamba, pembe hujikunja na kupasuka hewa inapobadilika kutoka unyevu kwenda ukavu. Ufa huu ulitajwa kwenye ripoti ya hali ya kitu, nikaukubali. Ripoti hiyo ombeni kila mara. Na msifungue fremu wenyewe kutafuta saini ya mchoraji, kipande hiki ni chembamba kama ganda la yai.

Zipo nyingine ambazo huwa nawatahadharisha watu: warembo wa kifalme, saini kubwa inayosomeka toka mbali, fremu ya vipande vya pembe au mfupa vilivyoungwaungwa, mara nyingi vilivyotoka kwenye vibonye vya piano. Nyingi ni mapambo ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa 20. Ni mazuri kutazama, ila usiyalipie bei ya karne ya 18.

Na sheria ya pembe za ndovu, hapa sitaki mtu ateleze. Uingereza ina sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022. Inaruhusu kuuza picha ndogo zilizotengenezwa kabla ya 1918, eneo la pembe lisizidi sentimita za mraba 320, na lazima kitu kisajiliwe kwanza. Kuvusha mpaka kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Uliza kabla ya kuweka dau, maana nyundo ikishagonga umenunua, hata kama kitu hakitaruhusiwa kutoka.

Kwa picha kubwa za mafuta, soma maneno ya katalogi kama mwanasheria. Jina la mchoraji likiwa peke yake, mnada unasema kazi ni yake. "Inahusishwa na" maana yake huenda ni yake. "Karakana ya" ni mikono ya wasaidizi wake. "Mfuasi wa" na "kwa mtindo wa" zinakupeleka mbali zaidi, pengine karne nyingine kabisa. Kisha geuza: mbao za fremu ya ndani, misumari, lebo, namba za mnada wa zamani. Nyumba ya mnada ya Christie's, kwa mfano, ina desturi ya kugonga namba nyeusi za stensili nyuma ya picha, na namba hiyo inaweza kukufikisha kwenye mauzo ya miaka mingi nyuma. Ukipata taa ya urujuanimno, sehemu zilizopakwa rangi upya huonekana kama madoa meusi.

Sarafu sitaikalia sana. Hii ni krauni ya Uingereza ya 1965, ya kumkumbuka Churchill. Mbele yuko Malkia Elizabeth, nyuma yuko Churchill, na thamani haikuandikwa popote. Ni nzito, ni kubwa, inaonekana ya maana, na watu wengi wameirithi wakidhani ni hazina. Zilifuliwa zaidi ya milioni 19, kwa shaba na nikeli, siyo fedha. Ninaipenda, ila simshauri mtu aipandishie dau. Neno "kumbukumbu" halina uhusiano na uadimu.

Linganisha na nusu dola ya Columbus ya 1892 na 1893, sarafu ya kwanza ya kumbukumbu ya Marekani, iliyouzwa kwa dola moja kwenye maonyesho ya Chicago. Ni fedha asilimia 90. Nyingi hazikununuliwa, zikaishia kwenye mzunguko wa kawaida, kwa hiyo zilizochakaa zimejaa na zile ambazo hazijaguswa ndizo zinazotafutwa. Inamisha sarafu chini ya taa: isiyoguswa, mng'ao unazunguka juu yake kama spoki za gurudumu. Iliyosuguliwa inang'aa yote kwa pamoja, na ukikaza macho unaona mikwaruzo myembamba kama nywele. Tafadhali, msisafishe sarafu. Weusi inaoupata kwa miaka ni ngozi yake.

Na tarehe nayo isikutishe. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya mtawala huyo wa Austria, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, na imeendelea kufuliwa kwa tarehe hiyohiyo hadi nyakati zetu. Yenyewe ina maneno ya Kilatini ukingoni, yaliyoinuka. Feki iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huonyesha mshono hapohapo.

Kuhusu gharama: bei ya nyundo, ile inayotangazwa nyundo ikigonga, siyo utakayolipa. Kamisheni ya mnunuzi, asilimia ambayo mnada humwongezea juu ya bei hiyo, ilianza kutozwa London mwaka 1975 kwa asilimia 10, na siku hizi 20 hadi 30 ni kawaida, bado kodi, bado jukwaa la mtandaoni, bado usafirishaji. Ukiwa na 1000 mfukoni na kamisheni ni asilimia 25, ukomo wako ni 800, na huo ni kabla ya kodi na usafirishaji. Uandike kwenye karatasi kabla mnada haujaanza.

Anayeanza namshauri aanze na jozi kama hii, ya askari wa kawaida, yenye majina mawili yanayofanana ukingoni. Picha ndogo zisubiri hadi jicho lako lizoee lenzi.

Ile nishani ya tatu ya askari wangu ni nyota ya 1914-15. Ya kwake imetokea kwenye mnada mwingine kabisa, loti, yaani fungu moja, ya nyota kadhaa zilizochanganywa, namba yake imetajwa kwenye maelezo. Nyota hizi huandikwa mgongoni, na picha ya katalogi ni ya mbele tu. Asubuhi ya leo nimewaandikia waigeuze.