Year of Wonders: kijiji kilichojifungia ndani na tauni

Nimemaliza Year of Wonders ya Geraldine Brooks jana saa nane usiku na mpaka sasa kichwa hakijatulia. Kitabu kilitoka 2001 ila mi nimekipata juzi tu kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, nikakibeba kwa sababu kinahusu tauni, ule ugonjwa unaoletwa na viroboto vya panya, na sisi watu wa Lushoto neno hilo hatulipiti hivi hivi, maana kwetu Usambara iliingia 1980 ikawa inarudi rudi miaka na miaka, na wazee wakikuta panya kafa ndani mpaka leo hawamshiki kwa mkono.

Hadithi imejengwa juu ya kijiji cha kweli, Eyam, kipo Derbyshire huko Uingereza. 1665 ulifika mzigo wa vitambaa kutoka London kwa fundi nguo, ndani mna viroboto, siku chache tu msaidizi wake kafa. Mwaka uliofuata mchungaji wao William Mompesson akawaomba wasikimbie wasije wakawaua na majirani, na wao wakakubali, jamani. Chakula wanawekewa mpakani, hela wanaziacha kwenye vitobo vya jiwe vilivyojaa siki, wakiamini inaua ugonjwa. Mpaka inaisha mwishoni mwa 1666 wamekufa kama 260. Kuna mama anaitwa Elizabeth Hancock alimzika mume na watoto 6 ndani ya siku 8, tena peke yake.

Brooks anasimulia kupitia Anna Frith, mjane kijana mwenye watoto wawili, anafanya kazi za ndani kwa mchungaji (humu kabadilishwa jina, anaitwa Mompellion). Sehemu iliyonikaa ni ya mwanzo kabisa: fundi aliyepanga kwa Anna anakata roho huku anamwambia achome vyote, lakini wateja wanakuja mmoja mmoja kudai nguo zao, na wanaondoka nazo. Hakuna mtu mbaya pale, ni watu tu wanataka gauni zao walizoagiza, nikafunga kitabu nikakaa kimya kama dakika kumi hivi.

Halafu kuna binti yatima ambaye familia yake imeisha, na sheria ya wachimbaji inasema asipotoa chombo kimoja cha madini ya risasi shimo la baba yake linachukuliwa na mwingine, kwahiyo Anna na mke wa mchungaji wanashuka wenyewe chini ya ardhi. Aisee hapo mwandishi ameweza. Ameonyesha kuwa kwenye tauni watu hawafi tu, kuna madeni, kuna mifugo haijakamuliwa, kuna kaburi la kuchimba na mchimbaji anayepandisha bei kila siku. Na hofu ikizidi wanawageukia wanawake wawili waganga wa mitishamba, wanawaita wachawi, wanawaua, halafu wakiumwa hakuna tena wa kuwatibu.

Kiingereza chake kina maneno ya karne ya 17, kurasa 50 za kwanza nilikuwa nakwama kwama, baadae nikazoea.

Ila mwisho haujaniridhisha kabisa. Kitabu kizima hatutoki kijijini, kumbe dakika za mwisho Anna anajikuta Oran, Algeria, nyumbani kwa daktari Mwislamu, na kurasa chache tu kitabu kimeisha. Mimi kama msomaji Mwislamu hapo ndo nilitaka kukaa, kuona ile nyumba, ile elimu ya tiba, wake wa yule daktari wanampokeaje, ila yote yamepitwa mbio. Ni kama kitabu cha pili kimebanwa kwenye kona ya cha kwanza.

Nakipa nyota 4. Sikukuu naenda nyumbani nakibeba, kuna mjomba wangu miaka ile alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kupuliza dawa ya viroboto, nataka asome ile sehemu ya wateja na nguo zao halafu aniambie na kwao watu walikuwa wanakataa kuacha nini.