Tuisheni ya darasa la saba pale Mwanga, Kigoma: hisabati nzuri, Jumamosi hapana

Tangu matokeo yatoke, kina mama hapa Kibirizi wananiuliza swali moja: "Ile tuisheni uliyompeleka binti yako, na sisi tuwapeleke wa kwetu?" Nimechoka kujibu nusunusu huku natandaza dagaa, kwa hiyo naandika yote hapa. Jina la kituo silitaji. Vituo vya namna hii viko vingi mjini, na mengi nitakayosema utayakuta hata huko unakompeleka wako.

Hisabati yao ningeilipia tena. Kwenye mtihani wao wa Jumamosi simrudishi mtoto wangu hata wakinilipa mimi.

Binti alianza Jumatatu iliyofuata Idi, Aprili 2024. Kituo ni vyumba vitatu vya kupanga nyuma ya maduka, bati juu, dari hakuna. Mvua za Aprili zikipiga, mwalimu anaacha kusema na watoto wanakaa kusubiri. Masomo ni saa kumi jioni mpaka saa moja, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi kuna mtihani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Chumba cha binti yangu kilikuwa na watoto 84, wanne dawati moja. Choo ni kimoja kwa wote, wavulana na wasichana, na mlango wake ulikuwa unafungwa kwa kamba. Mwenye binti wa miaka 13 anajua maana yake. Wangu alikuwa hanywi maji kuanzia saa nane mchana ili asihitaji kwenda.

Bei ni shilingi 1,000 kwa siku, na Jumamosi 1,500 kwa sababu ya hela ya karatasi. Hiyo ni 6,500 kwa wiki, na kwa wiki 20 mpaka mwisho wa Agosti nililipa 130,000. Bajaji ya kurudi sijahesabu. Saa moja jua ndiyo linazama huku kwetu, na mpaka watoto watoke barabarani ni giza.

Hapa lazima nimpe mwenye kituo haki yake. Tarehe 15 Mei Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, miezi mitatu, Tanzania pamoja na Burundi, Congo na Zambia, ili samaki wazaliane. Sisi tunaokula kwa dagaa tulibaki na akiba iliyoko kwenye magunia tu. Nilikwenda kumwambia kwamba sitaweza kulipa kila siku. Alikubali nilipe nusu, nyingine nimalizie boti zikirudi majini, na hakumsimamisha mtoto hata siku moja. Wazazi wengi wa Kibirizi na Katonga aliwafanyia hivyo hivyo.

Sasa hisabati. Mwalimu wake ni kijana, ana sauti ndogo, na hana fimbo. Swali lake la kwanza kila jioni ni, "Nani ana kosa zuri leo?" Mtoto mwenye kosa zuri anakwenda ubaoni, analiandika kama alivyolikosea, na wenzake wanatafuta lilipopotea. Kosa zuri kwake ni lile ambalo mtoto alifikiri, akakosea njiani. Binti yangu alikuwa haelewi asilimia. Shuleni walipita juu juu, wako wengi na mwalimu ni mmoja. Huyu kijana akawauliza wazazi wao wanauza nini, akatunga maswali humo humo: dumu la mawese la lita 20, asilimia 15 imemwagika njiani kutoka Mwandiga, limebaki kiasi gani? Mtoto alikuwa anarudi nyumbani ananiuliza mimi. Ndani ya mwezi mmoja alitoka alama 19 akafika 33 kati ya 50. Sijawahi kuona pesa yangu ikifanya kazi wazi namna ile.

Jambo jingine wanalofundisha vizuri ni ile fomu ya kujibia. Mtihani wa darasa la saba sehemu yake kubwa ni ya kuchagua jibu, na mtoto anaweka kivuli kwenye herufi kwa penseli ya HB, kisha fomu inasomwa na mashine. Ukiweka kivuli mara mbili, au ukifuta vibaya, jibu ulilolijua linaweza kupotea. Walifanya zoezi hilo mpaka mikono ikazoea.

Jumamosi ndiyo habari nyingine.

Masomo yote sita yanapigwa asubuhi moja. Jumapili mchana orodha inabandikwa ukutani na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: jina, jumla ya alama, nafasi ya kwanza mpaka ya 84. Kumi wa mwisho wanaandikwa kwa kalamu nyekundu. Jumatatu, aliyeshuka alama kuliko wiki iliyopita anachapwa, kiboko kimoja kwa kila alama iliyoshuka. Haya hayakuwa kwenye karatasi ya kujiandikisha. Na niseme ukweli wangu: wiki za mwanzo nilikuwa nikifungua orodha ile kabla ya kumsalimia mtoto. Alikuwa wa 41, nikamwuliza kwa nini si wa 30.

Kuanzia Juni akaanza kuumwa tumbo. Ijumaa jioni, kila Ijumaa. Anajikunja, hali, usiku hapati usingizi. Nilimpeleka zahanati, wakapima malaria, hakuna. Wakapima choo, hakuna. Mara ya tatu yule dada wa zahanati aliangalia daftari lake la tarehe, akaniuliza, "Mama, Jumamosi huwa kuna nini?" Nilisimama pale na kikaratasi cha dawa mkononi sina la kujibu, kwa sababu jibu nililijua tayari.

Wiki ile ile alichapwa viwili. Sayansi alikuwa amepata 36, akapata 34.

Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma shuleni kwake, nikamwonyesha orodha. Akachukua kalamu akaniandikia. Kila somo lina alama 50. Kuanzia 41 mpaka 50 ni A, 31 mpaka 40 ni B, 21 mpaka 30 ni C, 11 mpaka 20 ni D, chini ya hapo E. Akazungushia 34 na 36. "Zote mbili ni B, mama." Nilimwambia arudie. Mwanangu alichapwa kwa tofauti ambayo kwenye matokeo yake haitaonekana popote. Baraza la Mitihani litamwandikia herufi kwa kila somo na wastani wa daraja, basi. Nafasi ya 41 kati ya 84 haimo. Baraza hilo hilo liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023. Yaani wanaotunga mtihani wenyewe wameshaachana na mashindano ya orodha, sisi huku tunayabandika ukutani kila Jumapili.

Mwalimu yule aliniongezea na la viboko. Kanuni za 2002 zinaruhusu adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu wa shule au aliyemteua yeye, isizidi viboko vinne, iandikwe kitabuni, na mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike. Hakuna mahali panapompa ruhusa hiyo mwenye kituo cha jioni.

Nilimfuata mwenye kituo. Alinisikiliza vizuri, akaniletea na kiti. Viboko akaviacha kwa mtoto wangu, kwa wengine sijui. Orodha alikataa kabisa. Aliniambia, "Mama, wazazi wenzako ndio wanaoitaka. Nikiacha kuibandika Jumapili moja, simu hazikomi, wiki inayofuata wamehamia kwa jirani." Sikuweza kumbishia. Nilikuwa nimeshapiga simu ya namna hiyo mwenyewe mwezi wa Mei.

Kwenye mlango wake kuna tangazo lenye majina ya Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Ni ndoto ya mzazi yeyote wa huku: mtoto apande treni, ashuke Tabora, aingie shule ya vipaji maalumu, na ile ya Wavulana ndiyo aliyosoma Nyerere. Kwa mtoto anayewania nafasi hizo, naelewa kwa nini mzazi anahangaikia kila alama ya juu. Lakini nafasi ni chache na watahiniwa wa mwaka ule walikuwa zaidi ya milioni moja na laki mbili nchi nzima. Katika chumba cha watoto 84, wangapi walikuwa na safari hiyo? Wote waliwekwa kwenye mbio za wawili watatu.

Kilichoniuma kuliko orodha kilikuja Julai. Kufundisha kuliisha. Ikawa ni mitihani ya miaka iliyopita, fotokopi juu ya fotokopi, kila jioni. Hata yule kijana wa hisabati alipewa bunda lake agawe, na "kosa zuri" sikulisikia tena nyumbani. Shuleni nako kulikuwa na mitihani ya majaribio: ujirani mwema wa shule jirani, moko ya wilaya, moko ya mkoa. Sikumbuki siku katika Julai na Agosti ambayo mwanangu hakujibu mtihani.

Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti, ila mbalamwezi ilikuwa kali, kwa hiyo dagaa wa kueleweka tuliwapata wiki ya mwisho ya mwezi. Asubuhi moja nilikuwa nimefurahi, harufu ya dagaa wabichi imerudi ufukweni, nikamwita binti anipigie hesabu. Nikamwambia: nimenunua beseni mbili kwa shilingi 90,000, aliyenisaidia kuanika nampa 5,000, wakikauka nina kilo 5, na ninataka faida ya 30,000. Kilo niuze shilingi ngapi?

Akanitazama. Akasema, "Mama, machaguo ni yapi?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri nimtajie majibu ili achague moja. Mtoto ambaye Mei alikuwa ananisumbua na mawese yaliyomwagika, Agosti hawezi kuanza hesabu mpaka apewe pa kuchagua. Tulikaa chini kwenye mchanga, nikamwambia tuanze na pesa iliyotoka mfukoni kwangu. Ilichukua muda. Alipofika kwenye 25,000 hakuamini, aliniuliza mara mbili kama ndiyo.

Wiki iliyobaki sikumpeleka. Nililipa deni langu lote, nikamwacha alale. Mtihani alifanya tarehe 11 na 12 Septemba, na zile siku mbili tumbo halikumuuma. Matokeo yalitoka mwisho wa Oktoba: Kiswahili A, hisabati B, sayansi B, Kiingereza C, mengine B, wastani wa daraja B. Mwaka 2025 aliingia kidato cha kwanza shule ya kata. B ya hisabati nampa yule kijana, kwa mikono miwili. Yaliyobaki siwezi kuyapimia.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi: mwenye mtoto aliyekwama hisabati, mpeleke mapema, Februari au Machi, wakati bado wanafundisha. Uliza kwanza kama huyo mwalimu mwenye sauti ndogo bado yupo. Lipia siku zake tu. Binti mwenye miaka 12 na kuendelea, kaangalie choo kabla hujatoa hela. Nenda ukamchukue mwenyewe jioni. Na mtoto wako akianza kuumwa siku moja ileile ya wiki, angalia kalenda kabla ya kununua dawa.

Mwaka huu wamefungua darasa la upimaji wa darasa la nne, 800 kwa siku, na Jumamosi yao ni ile ile. Mdogo wake yuko la nne. Ana miaka kumi. Mwenye kituo alinipigia mwezi uliopita, kwa heshima kama kawaida yake, akaniuliza kama aniwekee nafasi ya mbele karibu na ubao. Nilimshukuru. Nikamwambia Jumapili atakayoacha kubandika orodha anipigie tena, nitamleta mtoto Jumatatu yake.