Kusafishwa baada ya mimba kuharibika, kituo cha afya mwambao wa Kigoma: chumbani safi, mapokezi bado

Nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni za chumba cha kusafishia. Wagonjwa wengi hapa hushuka kwenye mitumbwi ya injini wakiwa wamevuja damu njia nzima, kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo zenye thamani.

Chumbani kazi inakwenda inavyotakiwa. Presha na mapigo ya moyo kwanza, dripu, ganzi kwenye shingo ya kizazi, kisha pampu ya mkono, lile bomba la mililita 60. Muuguzi hulivuta na kuliacha dakika chache aone kama linashika mvuto. Kwingine hatua hii hurukwa: mpira wa ndani ukikauka bila mafuta ya silikoni pampu haivuti, mabaki yanabaki, na mama anarudi na homa. Kaniula, yaani mrija unaoingia kizazini, huchaguliwa kwa ukubwa wa kizazi, na kilichotoka husuuzwa kikaangaliwa kwenye mwanga. Uzazi wa mpango huzungumzwa kabla mama hajaondoka, maana yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki 2.

Tatizo ni dirishani. "Imetoka au umeitoa?" karani anauliza, watu wote wakisikia, kisha anadai PF3. Fomu hiyo ni ya polisi, ya aliyepigwa au aliyepata ajali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamfunga anayetoa mimba hadi miaka 14 (kifungu cha 150), mwanamke anayejitoa hadi 7 (cha 151), na anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo hadi 3 (cha 152). Kumtibu mama ambaye mimba imekwishaharibika hakumo. Tabibu anayo haki ya kuuliza ametumia nini, kwa sababu kijiti au mizizi huacha majeraha na uoza ndani, lakini aulize faraghani na kwa ajili ya tiba tu.

Kwenye hatari ya maisha, kifungu cha 230 humlinda anayefanya operesheni kwa nia njema na ustadi ili kumwokoa mama. Hakitaji saini ngapi, na kinasema operesheni, vidonge havitajwi. Hapo ndipo woga unapoota: watumishi wanasubiri karatasi ambayo kifungu hakikuiomba. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inataja pia ubakaji, mimba ya maharimu na afya ya akili, lakini Sura ya 16 haijabadilishwa ilingane nayo, na askari akija ataisoma Sura ya 16.

Ukimpeleka mtu anayelowesha pedi 2 kwa saa, kwa saa 2 mfululizo, pita moja kwa moja mlango wa wodi ya wazazi na umwite muuguzi wa zamu. Kadi itaandikwa baadaye.