Nilivyokodi Prado Muscat kwenda jangwa la mchanga la Wahiba, Oman

Gari zima, mkataba mbovu. Kampuni siitaji, lakini nyota nawapa tatu kati ya tano.

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na shangazi yake, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Muscat tangu msichana. Prado lenyewe sina la kulisema. Tairi mpya, spea ipo, kiyoyozi kinagandisha. Usukani uko kushoto, basi kila nikitaka kukata kona nawasha waipa badala ya indiketa. Ukifika 120 gari linakupigia kengele, na kamera za mwendo zimejaa njiani, kwa hiyo isikilize.

Bahari ukiiacha nyuma, ni majabali makavu yasiyo na jani na mabonde ya wadi, yaani mito ya msimu, yasiyo na tone la maji. Tulipofika mji wa Ibra, shangazi alitulazimisha kusimama. Eneo hilo la Sharqiya ndiko zilikotoka koo nyingi zilizovuka kuja Unguja, wakiwemo Maharthi na Mabarwani. "Msipapite kama mnapita Chalinze," akasema.

Bidiya, kama kilomita 200 na ushei kutoka Muscat, lami unaiaga. Tukasimama kwa fundi pancha atupunguzie upepo, maana tairi ngumu mchangani inajichimbia kaburi. Hapo ndipo nilipousoma mkataba vizuri: ukitoka nje ya lami, bima haipo. Sasa Prado la nini?

"Mwanangu, si ungekodi Corolla tu!" shangazi akacheka.

Tukaliacha kivulini, tukapanda Land Cruiser ya Bedui mmoja anayepeleka wageni kambini. Alitoa upepo bila geji, kwa kusikiliza mlio tu. Kwenye tuta la kwanza shangazi alisoma Ayatul Kursi mpaka kileleni. Tuliposhuka akataka turudie. Pesa niliyomlipa Bedui ilinipa raha kuliko siku tatu za Prado. Kahawa na tende juu.

Kabla ya kutia saini, uliza kuhusu mchanga, na jibu liandikwe. Mimi amana yangu ilikaa kwao siku tisa. Siku ya kurudisha gari, karani aliinua mazulia yote na kumulika tochi chini ya viti akitafuta mchanga. Alichokikuta ni makombo ya visheti vya shangazi.