Razer Core X: kuipa laptopu kadi mpya ya grafiki bila kuifungua

Kwenye laptopu nyingi, chipu ya grafiki si kadi ya kuchomoa na kuchomeka. Imechomelewa kwa risasi kwenye ubao mama, pamoja na kumbukumbu zake. Zipo laptopu za zamani zenye kadi za MXM (kadi ndogo za grafiki za laptopu) zinazobadilishika, lakini hata hapo BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, lazima iikubali kadi mpya, na kipoza joto kiwe na matundu ya skrubu yanayolingana nayo. Framework Laptop 16, ambayo moduli yake ya grafiki hutoka nzima, ni ya aina yake.

Core X, iliyotoka mwaka 2018, inapita mlango wa nje. Ni kasha la chuma lenye pawasapulai ya wati 650. Unaweka ndani kadi ya kompyuta ya mezani, kisha kebo moja ya Thunderbolt 3 (kiunganishi cha kasi kubwa chenye umbo la USB-C) inapeleka data na kuichaji laptopu hadi wati 100. Kadi yenyewe unainunua kando.

Chunguza tundu la laptopu kabla ya kutoa pesa. USB-C ya kawaida inafanana kabisa na Thunderbolt 3 lakini haitaendesha kasha hili; tafuta alama ya radi pembeni mwa tundu, kisha uhakikishe kwenye maelezo ya modeli. Angalia pia idadi ya njia za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na kompyuta. Zinazotakiwa ni nne, na Dell XPS 13 9360, kwa mfano, ina mbili tu kwenye tundu lake.

Kufunga kadi ni kazi nyepesi na imebuniwa vizuri. Zima kila kitu, vuta mpini wa nyuma na trei yote itateleza nje. Fungua skrubu za kushikia kadi, ichomeke hadi ikae sawasawa, unganisha nyaya za umeme, rudisha trei. Washa laptopu, chomeka kebo, ruhusu kifaa kwenye programu ya Thunderbolt, ndipo usakinishe draiva (programu ya kuiendesha kadi). Kasha lina plagi mbili za umeme za pini 6+2, kwa hiyo kadi inayodai tatu haifai hapa. RTX 3060, yenye matumizi ya wati 170, inakaa humo bila wasiwasi.

Tatizo linalowasumbua wengi ni Code 12 kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Maana yake Windows imekosa nafasi ya anwani za kumbukumbu za kuipa kadi ya pili, na hutokea zaidi kwenye laptopu yenye kadi yake ya Nvidia au AMD. Zima kadi hiyo ya ndani papo hapo kwenye Device Manager, kisha uwashe upya. Ikigoma, sasisha BIOS.

Kuhusu kasi, usitarajie kadi ifanye kazi kama ilivyo kwenye kompyuta ya mezani. Njia nne za PCIe 3.0 ni robo ya zile 16 ambazo kadi kubwa huzipata kule. Upungufu unaonekana zaidi kwenye gemu za fremu nyingi kwa sekunde, na unapungua kwenye 4K, ambako kadi yenyewe ndiyo inayoelemewa. Ukitumia skrini ya laptopu, kila fremu lazima irudi kupitia kebo ileile na kuibana zaidi. Chomeka monita moja kwa moja kwenye kadi. Hakuna marekebisho mengine ya bure yenye faida kama hiyo. Kebo nayo iwe fupi, kwa sababu ya mita mbili isiyo na chipu za kukuza mawimbi hushuka kutoka gigabiti 40 kwa sekunde hadi 20.

Kwa laptopu yenye prosesa ya nguvu na Thunderbolt kamili, kasha hili linastahili kununuliwa. Kwa prosesa ndogo yenye viini viwili (cores), hapana: kadi itabaki ikiisubiri. Mac zenye chipu za Apple haziendeshi gemu kwa kadi ya nje. Zile za Intel zenye Thunderbolt 3 zinakubali baadhi ya kadi za AMD kuanzia macOS 10.13.4. Na usichomoe kebo gemu ikiwa inaendelea. Funga programu zote, mwambie Windows iachie kifaa, kisha uchomoe.