Vifaa vya bei chee vya meza ya ufundi: nilivyonunua Mwanza na kipi usiguse

Kiukweli kuanza meza ya elektroniki nyumbani hapa Mwanza hakuhitaji laki tano kama watu wanavyotishana. Mimi ya kwangu imekula kama laki na nusu hivi, na sikununua vyote siku moja. Natengeneza vitu vidogo vidogo jioni nikitoka kazini, redio, chaja, sabufa za majirani na zaidi taa za dagaa (za kuvulia dagaa usiku ziwani), maana nakaa Kirumba na ukikaa karibu na mwaloni, kule wanakoshushia samaki, hizo taa zitakufuata tu utake usitake. Karibu kila kitu kilichopo mezani ni cha Mchina. Vingine vinapiga kazi safi kabisa, vingine hata ukipewa bure usichukue, na kitu cha kujiuliza dukani wala sio bei, jiulize hivi: hiki kikifeli kitanipotezea muda au kitanidhuru? Cha kupoteza muda nunua cha bei ya chini bila presha. Kile kinachokutenganisha na umeme wa TANESCO hapo usibanie hela.

Tuanze na mita, yaani kipimo cha umeme. Ile ndogo ya njano, DT-830, mnaijua wote, kila duka la vifaa vya umeme inaning'inia. Nimeichukua kwa elfu kumi na mbili baada ya kuvutana kidogo na muuzaji. Kwa mambo ya 12V hiyo mita haina ubaya wowote: betri ya taa, paneli ya sola, adapta, chaja ya simu, inasoma fresh tu, nimeilinganisha na mita nzuri ya jamaa yangu anayefunga sola na tofauti yake ni ya kupuuza. Shida yake ya kwanza ni waya, nyembamba halafu plastiki yake ngumu, ukizikunja kunja zinakatikia ndani kwa ndani, mita inaanza kusoma vitu vya ajabu unalaumu bodi ya watu kumbe waya. Waya za silikoni zinauzwa peke yake, beba kabisa siku hiyo hiyo. Shida ya pili hii wengi hawaijui: betri yake ya 9V ikianza kuisha mita haizimi, inaanza kudanganya, na inadanganya kwenda juu. Betri ya mteja ina 12.1 wewe unasoma 13 na kitu, unamwambia mzee betri yako nzima kabisa nenda ziwani, saa nane usiku taa inakufa yuko katikati ya maji. Kile kialama cha betri kikitokea kwenye kioo acha kupima, badilisha betri kwanza.

Halafu angalia lile tundu la 10A, pembeni pameandikwa UNFUSED, maana yake hamna fyuzi humo. Sasa mtu anapima ampea, anamaliza, anasahau waya kwenye tundu hilo hilo, kesho yake anaenda kwenye soketi kupima volti. Hapo ameunganisha moto na nyutro kupitia kawaya kembamba alikokashika mkononi. Usoni pa mita pameandikwa 750V kwa AC na mimi siamini hata kidogo. Kwa umeme wa ukutani nilijikamua nikanunua nyingine ya elfu arobaini na tano yenye fyuzi kwenye matundu yote mawili na kengele ya kusikiliza waya kama umekatika, na kabla ya kulipa niliomba bisibisi nikafungua mfuniko wa nyuma nikaziona fyuzi kwa macho yangu. Muuzaji alinuna. Anune tu.

Na kwa wale mnaofungua powasaplai za TV au sabufa: umeme wa 230V ukishapita kwenye dayodi unakuwa DC ya kama 325V ndani ya ile kapasita kubwa (kile kikopo kinachotunza chaji), na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Pima kwanza, kama ipo imalize na rezista ya wati kubwa kidogo au balbu ya zamani, usiipige shoti na bisibisi kama mafundi wengine wanavyofanya kwa sifa.

Hapo hapo niseme kifaa bora kuliko vyote mezani kwangu hakiuzwi dukani, ni balbu ya sirizi. Balbu ya kizamani ile yenye uzi ndani, wati 60 mpaka 100, holda, soketi na kipande cha ubao, umeipitisha kwenye waya wa moto kabla ya soketi. Ukichomeka kifaa chenye shoti balbu inawaka kwa nguvu na hakuna kinachopasuka, kikiwa kizima inawaka mara moja halafu inafifia. Ishu ni kupata hiyo balbu, siku hizi maduka yamejaa za LED na LED haifai kwa hii kazi. Uliza kwa wanaofuga vifaranga, wao huwa nazo za kupashia joto.

Sasa solda, ile pasi ya kulehemu, hapa ndio nina maneno. Nilizunguka maduka ya katikati ya mji, nikaishia duka moja jirani na Makoroboi, nikaomba ile ya wati 60 yenye kigurudumu cha joto kwenye mpini. Dada wa duka akanitolea.

"Hii orijino kaka, elfu kumi na nane."
"Sawa dada yangu, tuichomeke basi niione."
"Uichomeke tena? Si mpya hiyo, unaona nailoni yake."
"Ndio maana nataka kuiona."

Akacheka, akanipa soketi. Mimi natembea na kipande cha risasi yangu (waya wa kulehemu) mfukoni pamoja na testa ya bisibisi. Solda ya kwanza ilitoa moshi kidogo (huo ni wa kawaida, mpya zote), ikapata moto, nikagusa risasi ikayeyuka, safi. Halafu nikaweka testa kwenye ncha. Taa ya testa ikawaka nyekundu kabisa. Nikamwonesha, dada akarudi nyuma hatua moja, "we, inapiga shoti?" Nikamwambia haitakurusha lakini inavujisha, na kwa bodi zenye mosfeti (aina ya transista nyeti) huo umeme kidogo tu unaweza kuua kitu wakati wewe unajiona unatengeneza. Akatoa nyingine yenye plagi ya pini tatu, hiyo testa haikuwaka, na mita ikanionesha pini ya ardhi imeungana kweli na ncha. Hiyo ndio nikalipia, bei ile ile. Yaani boksi moja, kampuni moja, zimetoka katoni moja. Ndio maana nasema kununua dukani hapa mjini, hata kama unaongeza elfu mbili tatu juu ya bei ya mtandaoni, mimi naona inalipa kwa sababu unaijaribu kaunta. Muuzaji asiyekubali uchomeke muage kwa heshima. Ila na nyumbani kwako kagua, kuna nyumba za kupanga soketi ina matundu matatu lakini tundu la ardhi halijaenda popote, pini tatu zako hazina kazi.

Kuhusu namba za joto kwenye mpini, 200 mpaka 450, zichukulie kama mapambo. Risasi ya 60/40 inayeyuka kwenye nyuzi 183 mpaka 190 hivi, ncha mimi naikadiria kama 320 hadi 350, kwa waya mnene wa betri napandisha kidogo. Ncha zake ni zile za 900M, zinazoingiliana na stesheni za kulehemu za 936, kwa hiyo ukitaka ncha bapa zinapatikana na bei ni ndogo. Usiipige tupa! Ndani ni shaba na juu imepakwa tabaka la chuma, ukilitoa risasi inaila shaba ncha inatoboka. Sponji yenye maji kidogo inatosha, na ukimaliza iache imepakwa risasi.

Risasi yenyewe ndio mtego mkubwa kuliko yote. Kuna rola zimeandikwa 60/40 kwa maandishi makubwa na ukiigusisha moto inavutika vutika kama uji uliolala, haishiki, ikipoa inakuwa ya kijivu yenye mikwaruzo. Unarudia kiungo, unarudia, mwisho njia ya shaba kwenye bodi inabanduka ndio umeua kabisa. Mtu anayeanza anadhani hajui kulehemu, kumbe anajua, ameuziwa takataka. Hii nayo omba uyeyushe kidogo kaunta, solda si unayo hapo imeshapata moto. Nzuri inatiririka haraka na ikipoa inang'aa. Chukua ya milimita 0.8, ile nene waachie wenye mabati. Na ukiona imeandikwa Sn99.3 hiyo haina madini ya risasi, sio mbaya ila inataka moto zaidi, inayeyuka 227, kwa solda hizi zetu za elfu kumi na nane itakusumbua. Ya 60/40 ina sumu hivyo osha mikono kabla ya kula, na moshi unaouona ni wa flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), fungua dirisha.

Flaksi nunua ya utomvu, ile ya kahawia ngumu kwenye kikopo. Kuna ya asidi ya mafundi wa mabati na rejeta, inashika vizuri mno mpaka unafurahi, halafu baada ya muda bodi inaota kijani. Taa nyingi za dagaa zinazoletwa kwangu zimekufa hivyo: LED nzima, betri nzima, mtu alishawahi kuunga waya na flaksi ya asidi, unyevu wa ziwa ukamalizia. Unafungua, waya umeota kijani mpaka ndani ya plastiki sentimita kadhaa. Hapo unakata mpaka ukute shaba inayong'aa ndio uunge.

Pampu ya kunyonya risasi, elfu tano, nunua yoyote. Utambi wa shaba usinunue, chukua kipande cha waya wa antena ya dishi, toa ule wavu wa shaba wa ndani, yeyushia flaksi ya utomvu juu yake, unafanya kazi ile ile. Kabla hujachukua jaribu kwanza kama wavu unashika risasi, waya nyingi siku hizi wavu wake ni alumini na huo haushiki hata ufanyeje.

Seti za bisibisi zenye vichwa thelathini na kitu ni laini, zile za nyota zinalika mapema. Nilinunua, natumia tatu nne tu kati yake. Kwa plaizi sikununua mpya kabisa, nilipata ya mtumba ya Kijerumani mpini umechakaa, inakata waya mwembamba bila kuutafuna. Kwenye plaizi mtumba unaipiga mpya ya bei chee mbali sana, hili sijadiliani na mtu.

Powasaplai ya mezani sijanunua. Nina chaja ya laptop iliyokufa laptop yake, 19V, nikaagiza kimoduli cha kushusha volti, XL4015, Kariakoo kikaja na basi nikakipokea Nyegezi. Chukua chenye skrubu mbili, moja ya volti na moja ya kubana ampea, hiyo ya pili ndio dawa. Taa ya dagaa nikiiwasha mara ya kwanza naweka 12V na nabana ampea moja, kama ina shoti volti inaanguka tu hakuna kinachoungua. Kimeandikwa 5A, bila feni mimi sikipitishi 3A. Kwenye mzigo huo huo nilichukua kipima vifaa, LCR-T4, kama elfu thelathini. Unachomeka transista inakuonesha miguu ipi ni ipi, unachomeka kapasita inakupa uwezo wake na ESR (ukinzani wake wa ndani). Kwa anayejifunza hicho ndio kitu cha kwanza kununua baada ya mita na solda. Ila kapasita imalize chaji kabla ya kuichomeka, isipomalizwa inaua chipu ya ndani.

Bloa ya 858D, ile ya kupuliza hewa ya moto kuyeyusha risasi, sina, naazima kwa fundi simu. Ukitaka kununua, izime halafu ipime na mita yenye fyuzi kwanza, kuna matoleo yake swichi inakata nyutro badala ya moto, yaani umezima lakini ndani kuna umeme, na mdomo wa chuma haujaungwa na ardhi. Mtu anayejua anafungua na kubadilisha waya mbili, asiyejua asinunue. Na ile osiloskopu (kioo cha kuonesha mawimbi ya umeme) ndogo ya kujiunganishia, DSO138, nimeishika dukani nikairudisha, inaishia 200 kHz, kwa sauti ya redio inatosha lakini taa za dagaa hazina la kuangalia humo.